Ukitaka jenereta inyamaze, anza na hesabu

Mtu akishachoka na kelele, moshi na safari za kujaza dumu, swali lake la kwanza kwa fundi huwa hili: ninunue paneli ngapi? Hilo ni swali la nne. La kwanza ni umeme kiasi gani unatumika kwa siku. La pili ni saa zipi unatumika. La tatu ni kifaa gani kinavuta kwa kishindo kinapoanza kuwaka. Mifumo mingi ya sola inayokufa mapema haifi kwa sababu ya paneli mbovu. Paneli ndiyo sehemu iliyokomaa kuliko zote: seli ya silikoni ya kwanza yenye manufaa, iliyotoka maabara za Bell mwaka 1954, iligeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme, za leo zinapita asilimia 20 na watengenezaji wengi wanazidhamini kwa miaka 25. Kinachoua mifumo ni hesabu iliyorukwa, mipangilio ya betri iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani, na viungio vya nyaya vilivyobanwa kwa koleo la kawaida.

Jenereta huzoesha watu kutopima. Ikiwaka inatoa chochote unachodai hadi ukomo wake, na gharama unaiona kwenye dumu, huioni kwenye kifaa. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban uniti 10 (uniti moja ni kilowati-saa moja), lakini jenereta ndogo iliyopewa mzigo mzuri hurudisha kama uniti 3 za umeme. Zilizobaki ni joto na moshi. Mzigo ukiwa mdogo mambo huwa mabaya zaidi. Jenereta ya kilowati 5 inayowasha taa chache, ruta na friji, tuseme wati 300, inazungusha injini kwa kasi ileile kama ya mzigo mzima. Hata ikinywa nusu lita tu kwa saa, saa 14 za usiku ni lita 7 kwa uniti 4 na kidogo. Tena injini ya dizeli ikiendeshwa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na masizi yaliyochanganyika na mafuta mabichi hujikusanya kwenye ekzosi na kwenye ringi za pistoni. Ukiona utando mweusi wa kunata unachuruzika kwenye mdomo wa ekzosi, ndio huo. Na kila lita inaacha hewani takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, hata kama umeme wake ulichaji simu mbili.

Kwa hiyo mzigo wa kwanza kuhamia kwenye sola ni ule mdogo unaodumu usiku kucha. Mashine kubwa inayowaka saa moja mchana inaweza kusubiri zamu yake. Wengi hufanya kinyume: wanahangaika na mashine kubwa kwanza, wanaona bei ya mfumo, wanakata tamaa, na jenereta inaendelea kunguruma usiku kwa ajili ya taa.

Kupima hakuhitaji utaalamu. Kuna kipima umeme kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, kisha kifaa kinachomekwa juu yake. Friji iache hapo siku mbili nzima, kwa sababu kompresa huwaka na kuzima na milango hufunguliwa kwa vipindi. Kibandiko cha nyuma kinaweza kusema wati 150. Ukizidisha kwa saa 24 unapata uniti 3.6, lakini friji hiyohiyo ikipimwa mara nyingi hutumia theluthi ya hapo. Anayekadiria kwa kusoma vibandiko ama ananunua mfumo mkubwa mara mbili ya hitaji, ama anasahau vitu vidogo visivyozimwa kamwe.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Taa 10 za LED za wati 8 kwa saa 5 ni wati-saa 400. Friji iliyopimwa ni 1,200. Televisheni ya wati 80 kwa saa 5, 400. Ruta ya wati 10 usiku na mchana, 240. Kompyuta mpakato mbili za wati 50 kwa saa 6, 600. Feni mbili za wati 50 kwa saa 8, 800. Pampu ya kupandisha maji ya wati 750 kwa saa moja, 750. Jumla ni wati-saa 4,390. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri (DC) kuwa umeme wa soketi (AC), nayo hupoteza kama asilimia 10 katika kugeuza huko, kwa hiyo gawanya kwa 0.9 upate takriban 4,880. Bado. Inveta yenyewe hula hata pasipo mzigo wowote. Inayokula wati 40 inatumia wati-saa 960 kwa siku, karibu sawa na friji ya pili. Jumla halisi ni 5,840, yaani uniti 5.8. Namba hiyo ya ulaji bila mzigo iko kwenye karatasi ya inveta, kwa maandishi madogo, na ni mojawapo ya namba za kwanza kuzitafuta kabla ya kununua. Inveta kubwa kupita hitaji hula zaidi, na ndiyo sababu ushauri wa "nunua kubwa kabisa ili uwe salama" si mzuri.

Kabla ya kufika kwenye paneli, toa kwenye orodha chochote kinachozalisha joto kwa waya. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 50 kunadai uniti 3.5, zaidi ya nusu ya siku nzima ya mfano wetu. Ukipitisha joto hilo kwenye betri umenunua betri nzima kwa ajili ya kuoga. Maji ya moto yapashwe na jua moja kwa moja, kwa mtambo wa mirija au bapa juu ya paa wenye tangi lililofungwa vizuri lisipoteze joto, au kwa hita ya umeme yenye saa inayowaka mchana tu wakati betri zimekwisha kujaa. Pasi na birika viwe na zamu yao saa za jua kali. Jiko la umeme la presha lililofungwa pande zote ni nafuu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu linawaka kwa nguvu dakika chache kisha linashikilia joto; mara nyingi chungu kizima hakifiki nusu uniti. Jiko la koili iliyo wazi ni habari nyingine kabisa.

Sasa paneli. Wati zilizoandikwa kwenye paneli zilipimwa maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli ikiwa nyuzi 25. Juu ya paa mchana, seli hufika nyuzi 60 bila shida, na silikoni hupoteza kama asilimia 0.35 kwa kila nyuzi inayozidi. Paneli ya wati 550 inabaki na kama 483 kabla hujahesabu vumbi, nyaya na hasara ya kuchaji. Kwa kawaida robo ya uwezo huondoka njiani, kwa hiyo tumia kizidishio cha 0.75. Kisha unahitaji saa za jua kamili za mahali ulipo, yaani mwanga wa siku nzima ukikusanywa kana kwamba ni jua la wati 1,000. Usichukue wastani wa mwaka. Chukua mwezi mbaya kuliko yote. Kwa saa 5 mfano wetu ungehitaji wati 1,560. Kwa saa 4 za mwezi wa mawingu unahitaji 1,950. Paneli nne za 550 zinatoa 2,200, na hapo pana nafasi kidogo ya kupumua. Wastani wa mwaka ndio unaowafanya watu wawashe jenereta mwezi mzima kila msimu wa mvua na kusema sola ni ya kiangazi.

Jinsi ya kuunganisha paneli hizo nne ndipo kidhibiti chaji, ile kontrola ya mafundi, hufa siku ya kwanza au miezi baadaye. Paneli ya aina hii huwa na volti kama 49.8 ikiwa wazi bila mzigo, na volti 42 ikifanya kazi. Tuseme kontrola imeandikwa ukomo wa volti 150. Mtu anazidisha: paneli tatu kwa mfululizo ni volti 149.4, imepungua 150, inaingia. Haiingii. Volti ya paneli hupanda baridi inapozidi, kama asilimia 0.27 kwa kila nyuzi chini ya 25. Alfajiri ya nyuzi 10, jua linapochomoza na betri bado haijaanza kuvuta, mfululizo huo unafika volti 155. Kontrola inaweza kuvumilia mara kadhaa kisha asubuhi moja ikazima isiwake tena, na mwenye mfumo analaumu kiwanda. Kwa ukomo huo unaunganisha mbili mbili kwa mfululizo, kisha seti mbili sambamba: volti 100 hivi, na 104 kwenye baridi. Ukitaka zote nne kwa mfululizo, volti 199 hadi 207, kontrola iwe ya 250. Acha asilimia 15 hivi kati ya hesabu yako na ukomo, usibishane na ukomo.

Kontrola zenyewe ni za aina mbili. PWM ni nafuu na inafaa kwa paneli ndogo zilizotengenezwa kwa volti za betri husika. MPPT hubadilisha volti za ziada kuwa ampea. Paneli yetu ya volti 42 na ampea 13 ikiunganishwa na betri ya volti 24 kupitia PWM, volti huburutwa chini hadi zile za betri, tuseme 27, na 13 mara 27 ni wati 351. Wati karibu 200 zimepotea kila saa ya jua kamili, kwa maisha yote ya mfumo. Hakuna namna ya kuzirudisha kwa kuongeza usafi wa paneli.

Betri ndiyo sehemu ya gharama na ya majuto. Katika mfano wetu, kuanzia jua kuzama hadi paneli zianze kuzalisha asubuhi, tuseme saa 14, matumizi yanakuwa taa, televisheni, feni, sehemu ya friji na ruta, pamoja na ulaji wa inveta: takriban uniti 3.3. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, volti 51.2 na ampea-saa 100, ina uniti 5.12, ukiitumia asilimia 80 unapata 4.1. Inatosha usiku mmoja. Ukitaka siku nzima ya mawingu ipite bila jenereta, ziwe mbili. Kwa betri za asidi usishuke chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji nne za volti 12 zenye ampea-saa 150 zikiwa mfululizo ili upate uniti 3.6 zinazotumika. Zinaonekana rahisi siku ya kununua. Lakini betri ya asidi inayokaa nusu chaji siku kadhaa mfululizo hujenga fuwele ngumu za salfeti kwenye bamba zake, na fuwele hizo zikishakomaa hazirudi tena. Pia joto huila: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa takriban nusu. Chumba cha betri chini ya paa la bati lisilo na dari hukata umri wa betri kabla hujaitumia.

Ukibaki na za asidi, zichunguze kwa vipimo viwili. Voltimita baada ya betri kupumzika saa kadhaa bila mzigo wala chaji: volti 12.7 imejaa, 12.1 au 12.2 iko nusu. Na haidromita, kile kichupa chenye boya, kwa kila seli moja moja: 1.265 ni imejaa. Seli tano zikisoma 1.25 na moja ikisoma 1.18, hiyo moja ndiyo inayoua nyingine tano, na hakuna chaji itakayoinusuru. Ongeza maji yaliyotoneshwa tu, tena baada ya kuchaji, kwa sababu maji hupanda chaji ikiingia. Ukijaza kwanza, asidi inafurika juu ya betri na kula vichwa vya nyaya.

Anayetoka kwenye asidi kwenda lithiamu hukutana na mtego mwingine. Anabadilisha betri na kuacha mipangilio ya zamani. Kontrola iliyopangwa kwa asidi huwa na hatua ya kusawazisha seli, ambayo kwenye mfumo wa volti 48 inaweza kupandisha hadi volti 62. Betri ya lithiamu yenye seli 16 ina ukomo wa volti 3.65 kwa seli, yaani 58.4 kwa zote. Ikifika hapo, ubongo wake wa ndani, BMS, hujikata ghafla ili kujilinda. Mchana, paneli zikiwa zinasukuma kwa nguvu, betri ikijiondoa hivyo volti za ghafla hukimbilia inveta. Zima hatua ya kusawazisha. Weka chaji ikome kati ya volti 55.2 na 56.8, chaji ya kushikilia kama 54, na inveta ikate mzigo volti zikishuka kufikia 48 hivi. Usijaribu pia kusoma kiasi kilichobaki kwa volti: lithiamu hukaa karibu volti ileile kutoka asilimia 80 hadi 30, kisha huanguka. Unahitaji kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Na usiichaji kabisa joto likiwa chini ya sifuri. Metali ya lithiamu hujipaka ndani ya seli na haitoki.

Ukiunganisha betri mbili za lithiamu sambamba, kwanza zifikishe volti sawa moja moja, ndipo uziunganishe. Nyaya za kuunganisha ziwe na urefu sawa, chanya ya kwenda kwenye inveta itoke betri ya kwanza na hasi itoke ya mwisho. Ukizitoa zote kwenye betri moja, hiyo moja ndiyo itakayofanya kazi ya mbili.

Kuhusu volti za mfumo, hesabu ndogo inamaliza ubishi. Chukua mzigo wa wati 1,200 na kebo ya shaba ya milimita 16 za mraba, mita 3 kutoka betri hadi inveta, yaani mita 6 kwenda na kurudi. Kwenye volti 12 mkondo ni ampea 100. Ukinzani wa kebo hiyo ni 0.0175 mara 6 gawanya 16, karibu omu 0.0066. Volti 0.66 zinapotea njiani, wati 66 zinageuka joto ndani ya kebo, na inveta inaona betri ya volti 11.3 wakati betri ina 12. Kwenye volti 48 mkondo ni ampea 25, kebo ileile inapoteza volti 0.16 na wati 4. Kwa hiyo chochote kinachozidi wati 1,000 au zaidi kidogo kisijengwe kwenye volti 12, hata kama inveta za volti 12 za "wati 3,000" zimejaa sokoni.

Hasara hiyo ndiyo pia sababu ya lalamiko moja la kila siku: inveta inakata pampu inapowaka, na betri zinasemekana zimeisha. Pampu ya wati 750 inaweza kudai mara tatu hadi sita ya hapo kwa sehemu ya sekunde. Volti zikiporomoka kwenye kebo nyembamba au kwenye kiungio kilicholegea, inveta inaona volti ya chini na kujizima, ilhali betri ina chaji ya kutosha. Tafuta kosa hivi: weka mzigo mkubwa uwake, chukua multimita kwenye volti ndogo za DC, ncha moja igusishe nguzo ya betri yenyewe na ncha nyingine kwenye lagi, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa kebo, iliyofungwa juu yake. Inatakiwa usome milivolti chache. Ukisoma volti 0.1 mkondo ukiwa ampea 100, kiungio hicho kinatoa wati 10 za joto mahali padogo kama kidole gumba. Endelea hivyo kiungio kwa kiungio: lagi na waya wake, pande mbili za fyuzi, pande mbili za breka. Plastiki iliyogeuka kahawia na shaba iliyopoteza mng'ao hukuambia mapema zaidi, ila watu hawafungui kifuniko. Lagi zibanwe kwa koleo lake la kubania, la haidroliki ikiwa kebo ni nene. Zile za kugongwa kwa nyundo hulegea. Skrubu zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kisha zirudiwe baada ya wiki chache, kwani shaba laini hujilaza.

Breka za kawaida za nyumba hazifai upande wa paneli na betri. Umeme wa AC wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo cheche hujizima yenyewe. DC haipiti sifuri. Cheche ikianza ndani ya breka isiyo yake inaendelea kuwaka hadi breka iyeyuke. Tumia za DC, na uangalie alama za chanya na hasi, maana nyingine zikifungwa kinyume haziwezi kuizima cheche. Fyuzi kuu iwe karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi haulindwi na kitu chochote. Kwa inveta ya kilowati 3 kwenye volti 48, mkondo ni kama ampea 70, fyuzi ya 100 na kebo ya milimita 25 au 35 zinatosha. Lithiamu inaweza kumwaga maelfu ya ampea ikipigwa shoti. Fyuzi za magari hazikutengenezwa kwa hilo.

Plagi za paneli, zile za MC4, zinafanana macho lakini si lazima ziwe sawa. Ya mtengenezaji mmoja ikiingizwa kwenye ya mwingine inabana, inalia klik, kisha ndani mguso unakuwa mdogo na joto linaanza. Tumia jozi za mtengenezaji mmoja, na usizichomoe jua likiwa linawaka kabla hujazima breka ya paneli.

Juu ya paa: paneli zielekee upande wa ikweta, kwa pembe inayokaribiana na latitudo yako. Karibu na ikweta kabisa usizilaze sawa. Zipe angalau nyuzi 10 ili mvua isafishe badala ya kuacha kidimbwi cha tope kwenye ukingo wa chini. Acha sentimita 10 au zaidi kati ya paneli na bati, hewa ipite. Kivuli ni adui kuliko mawingu: paneli huwa na sehemu tatu zenye diodi zake, na jani moja kubwa au kivuli cha antena kwenye kona kinaweza kuondoa theluthi ya paneli hiyo. Angalia mti ulipo sasa, halafu uone utakapokuwa baada ya miaka mitano. Safisha asubuhi mapema kwa maji na brashi laini. Maji baridi kwenye kioo cha nyuzi 60 yanaweza kukipasua. Fremu zote ziunganishwe na waya wa ethi hadi kwenye nondo iliyozamishwa ardhini, na uweke kinga ya radi upande wa DC na wa AC.

Jenereta usiiuze mwaka wa kwanza. Ibadilishie kazi: badala ya kulisha taa, ichaji betri kwa saa mbili siku za mawingu mazito na izimwe. Kwa betri mbili za lithiamu za mfano wetu, chaji ya ampea 50 kwa volti 54 ni kilowati 2.7, pamoja na hasara kama 3. Jenereta ya kVA 5, ambayo kwa kawaida ni kilowati 4, inakuwa kwenye asilimia 75 ya mzigo wake, pale inaponywa vizuri na kubaki safi ndani. Ukomo wa ampea za kuchaji upange kwenye inveta, la sivyo inaweza kudai kuliko jenereta inavyoweza na kuizima. Inveta ikiikataa jenereta kila baada ya dakika chache, mara nyingi kasi ya injini inayumba na hezi zinatoka nje ya kiwango. Kuna mpangilio wa kuvumilia wigo mpana zaidi. Jenereta iingie kwenye mlango wake wa AC wa inveta, au kupitia swichi ya kugeuza yenye sifuri, yaani nafasi ya kuzima, katikati. Isiingie kamwe upande wa kutoka. Waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani, umeua watu na unachoma inveta.

Wenye pampu za dizeli za kisima wana njia fupi zaidi, kwani hawahitaji betri kabisa. Maji yaliyo kwenye tangi la juu ndiyo akiba. Kupandisha lita 10,000 kwa urefu wa mita 30 ni kazi ya uniti 0.8, pampu na mota vikiwa na ufanisi wa asilimia 40 unahitaji uniti 2 kwa siku, kazi ya paneli moja kubwa kwenye mwezi mzuri na mbili kwenye mwezi mbaya. Faida nyingine huwa haitajwi: pampu ya sola huvuta polepole siku nzima, kwa hiyo kisima chenye maji yanayojaa taratibu hakikaushwi kama kinavyokaushwa na dizeli kwa saa moja. Sharti ni sensa ya kuzuia pampu kuzunguka pasipo maji na boya la kuizima tangi likijaa. Bila sensa hiyo, mihuri ya pampu inaungua mchana mmoja wa kiangazi.

Dizeli iliyobaki kwenye pipa haikai milele. Hufyonza unyevu, na kati ya maji na mafuta huota ute wa vijidudu unaoziba filta. Weka kiasi kidogo, jaza tangi la jenereta lisibaki na nafasi ya hewa yenye unyevu, na uiwashe mara moja kwa mwezi kwa nusu saa ikiwa na mzigo halisi. Betri za asidi zilizokufa zisimamishwe wima wakati wa kubebwa, nguzo zake zifunikwe kwa utepe wa kuzuia umeme, na ziende kwa wanaorejeleza risasi zikiwa na asidi yake ndani. Anayeimwaga asidi ili apunguze uzito wa mzigo anamwaga pia risasi iliyomo ndani yake.